Muuguzi Aliyeshikwa na Dawa: Tusimfiche, Tusimtupe

Ninyi wauguzi wa Simi-Simi na wa mitaa yote ya Kisangani, leo nina neno ambalo wengi hulisema chini chini, nyuma ya jengo la wazazi, wala halifiki kwenye karatasi. Muuguzi naye hushikwa na ulevi. Kuna anayepiga lotoko, pombe yetu kali, kabla ya kuingia zamu, na kuna anayejidunga dawa aliyoandikiwa mgonjwa. Jambo hili lipo katika kila nchi yenye hospitali, na kwetu lipo. Kama ni wengi au wachache, sitaki kubishana. Kwenye wodi ya watoto mmoja anatosha.

Hebu tutazame tunavyolishughulikia. Yaya, ndivyo tunavyomwita muuguzi aliyetuzidi umri, ameingia zamu ya usiku macho mekundu, mkono unatetemeka, sindano imetafuta mshipa wa mtoto mara tatu na bado. Mwenzake anaona. Anamwambia polepole, "Yaya, kaa kidogo, nitashika mimi." Asubuhi daftari linasema usiku ulikuwa shwari. Kesho vivyo hivyo, na keshokutwa. Mwishowe papa titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, anachoka, anakwenda kwa daktari mkuu wa zone ya afya, wanaelewana bila kuandika kitu: yaya apelekwe kituo kingine, mbali kidogo na mji, asije akaaibisha watu. Huko atakuwa muuguzi peke yake. Na ufunguo wa kabati la dawa atakuwa nao yeye.

Tunaita huruma. Huruma gani hiyo inayomwondoa mlevi kwenye macho ya watu na kumkabidhi ghala?

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila kiongozi wa hospitali angefaa akijue. David Kwiatkowski alikuwa fundi katika vyumba vya kutibia moyo, mtu wa mikataba mifupi, leo hospitali hii, kesho ile. Alikuwa akiiba mabomba ya sindano yenye fentanili, dawa ya maumivu inayoishinda mofini kwa mbali, anajidunga, kisha anayajaza maji ya chumvi na kuyarudisha mahali pake, yatumike kwa mgonjwa. Naye alikuwa na homa ya ini aina ya C. Mwaka 2008 alishukiwa Pittsburgh. Akaondoka, na polisi hawakuitwa. Mwaka 2010 huko Arizona alikutwa amezirai chooni, bomba la sindano limo ndani ya maji ya choo. Wakamfukuza. Hazikupita wiki nyingi akawa ameshapata kazi Philadelphia. Alipokamatwa, Julai 2012, baada ya kufanya kazi New Hampshire, alikuwa ameshaambukiza watu wasiopungua 45 katika majimbo kadhaa. Desemba 2013 alihukumiwa miaka 39 gerezani.

Angalieni vizuri kisa hicho. Hospitali zile hazikumpenda wala hazikumkinga. Kila moja ilitaka tu atoke mlangoni pake, na kweli alitoka, akaingia kwa jirani. Kama nchi yenye kompyuta na mawakili wengi namna ile ilishindwa na mtu mmoja anayehamahama, sisi Wakongo wenye zone za afya 519, ambako barua ya kumhamisha mtu husafiri kwa mashua ya baleinière siku kadhaa mtoni, tutaweza vipi kwa kunong'onezana?

Mtu wa nje huuliza: inakuwaje msomi wa chuo cha tiba cha ISTM, anayejua kabisa ubaya wa dawa hizi, azitumie? Swali hilo limegeuzwa kichwa chini. Anazitumia kwa sababu anazijua. Anajua kipimo, anajua mshipa, anaamini kwamba yeye hawezi kushikwa kama kijana wa mtaani kwa kuwa yeye amesomea. Na dawa ziko mkononi mwake. Juu ya hayo weka kukesha, weka mshahara usiofika na primu, ile posho inayoahidiwa kila msimu wa mgomo, weka mambo aliyoyaona. Wapo waliofunga vidonda wakati wa vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji wetu kwa mizinga na sisi tukiwa ndani yake. Wapo vijana waliopokea majeruhi wa ugomvi wa makabila ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga. Nani aliwahi kumuuliza mmoja wao kama analala? Sisemi kwamba taabu humwondolea mtu hatia. Nasema mtego huu una sababu, na kitu chenye sababu kinaweza kuzuiliwa.

Tuone mtego huo unavyoanza: nichukue kitu kidogo sana, ampuli moja ya tramadoli, miligramu 100 ndani ya mililita mbili. Daktari ameandika nusu. Ampuli ikishakatwa shingo haifungiki tena. Ile nusu iliyobaki inakwenda wapi? Kanuni ya kazi inasema imwagwe mbele ya shahidi na wote wawili watie sahihi. Lakini ni saa nane ya usiku, kituo kina muuguzi mmoja na taa ya sola, mgonjwa amelala, mlinzi amelala. Shahidi ni nani? Mgongo unauma, kichwa kinagonga, na ile mililita moja imo ndani ya bomba. Usiku wa kwanza anajiambia kwamba ni mabaki tu, yangemwagwa bure. Baada ya miezi, mgonjwa aliyeandikiwa nzima anapewa nusu, na asubuhi analalamika kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu.

Kwa hiyo msidhani nimekuja kumtetea muuguzi huyo. Mgonjwa anayelia kwa maumivu baada ya upasuaji, huku dawa yake imo mwilini mwa aliyetakiwa kumtunza, ameibiwa kuliko aliyevunjiwa nyumba.

Hata hivyo kuna upande wa pili, na hapa nawageukia ninyi mnaopenda kunyoosha kidole. Kushuku si kujua. Macho mekundu huletwa na malaria na kukesha. Mkono hutetemeka kwa njaa, na wauguzi wetu wangapi huingia zamu hawajala? Tumezoea katika miji yetu kumwita mtu mchawi kwa sababu ya jicho lake au kwa sababu tunakitaka kiti chake. Tusilibadilishe tu jina tukasema "anajidunga". Anayetaka nafasi ya titulaire atapata silaha rahisi mno. Aliyeona jambo aandike tarehe, saa na kile alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza. Daftari la dawa lilinganishwe na kadi za wagonjwa. Mshukiwa aitwe faraghani, asomewe, ajibu, na awepo mtu wa kumsimamia. Haya hayahitaji fedha za wafadhili.

Wenzetu waliotangulia nao wamehangaika kumlinda mgonjwa bila kumwonea muuguzi. Mwaka 1982 chama kikuu cha wauguzi wa Marekani kilikubali kwamba muuguzi aliyeshikwa na dawa apewe msaada, na mwaka uliofuata jimbo la Florida likaanzisha mpango wa kwanza wa kumtibu na kumfuatilia badala ya kumnyang'anya cheti moja kwa moja. Mipango ya namna hiyo imeenea katika majimbo mengi. Muuguzi hutia sahihi mkataba wa miaka, mara nyingi mitatu hadi mitano. Kila asubuhi hupiga simu au kuangalia kama leo ni zamu yake ya kupimwa mkojo. Kazini hurudi, ila kwa muda hashiki ufunguo wa dawa kali, na mkubwa wake huandika ripoti. Akivunja masharti, bodi inamsubiri.

Mpango huo umewarudisha wengi kazini wakiwa wazima. Lakini una ubaya wake, na tusiuige kwa kufumba macho. Gharama za vipimo na matibabu mara nyingi humwangukia muuguzi mwenyewe, wakati ambapo pengine amesimamishwa kazi. Tena yupo anayetia sahihi bila kuwa mlevi, kwa kuwa anaogopa kwamba akikataa cheti kinakwenda. Vipimo navyo vilidanganya: mwaka 2006 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia tiba ya ulevi ilionya kwamba kipimo kimoja cha mkojo ni kikali kiasi kwamba chaweza kunasa hata pombe ya dawa ya kunawia mikono, hivyo kisitumike peke yake kumhukumu mtu. Fikirieni muuguzi anayenawa kwa dawa hiyo kila baada ya mgonjwa, kama tulivyofundishwa sote wakati wa Ebola na Korona, halafu anaambiwa amekunywa!

Mimi navutiwa zaidi na walivyofanya wenzetu wa jimbo la Victoria, Australia. Tangu 2006 wana huduma ambayo muuguzi au mkunga huiendea mwenyewe, kwa siri, kabla hajashtakiwa, na fedha zake zilitoka kwenye ada ambazo wauguzi wenyewe hulipa ili waandikishwe. Yaani wengi wazima wanamchangia mmoja aliyeanguka. Sisi tunaochangiana msiba na arusi, hilo litatushinda kwa nini?

Basi nafika nyumbani. Sheria ya 2016 imetupatia Ordre ya wauguzi, yenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi na yenye mamlaka ya kuwaadhibu wanaovunja maadili. Wengi wetu tunaikumbuka siku ya kulipa ada tu. Ninaiomba Ordre yetu ya jimbo la Tshopo ifungue mlango wa pili kando ya ule wa adhabu. Muuguzi ajipeleke, au apelekwe kwa ushahidi ulioandikwa. Ufunguo uondoke mkononi mwake siku hiyo hiyo, kabla ya maneno mengine yoyote. Hilo ni la mgonjwa na halina mjadala. Kisha atibiwe, na atakaporudi afanye kazi mchana, pamoja na mwenzake, mahali penye watu, kwa muda ulioandikwa. Akihama zone, karatasi yake ihame naye na isomwe na mkuu wake mpya peke yake. Akirudia na kudhuru watu, hapo mlango wa adhabu upo na sitasimama mbele yake kuuzuia. Na aliyeiba dawa akauza kwenye depo ya dawa, huyo ni mwizi, mambo yake ni ya mahakama. Asijifiche nyuma ya wagonjwa.

Najua mtaniambia hatuna maabara. Kweli, lakini kipimo cha kwanza ni daftari: ampuli zilizoingia, zilizotumika, chupa tupu zilizorudishwa, sahihi mbili. Kituo chenye muuguzi mmoja kinaweza kumweka mkunga au hata mlinzi ashuhudie ile mililita ikimwagwa. Mtaniambia pia kwamba tiba ya ulevi ni mambo ya Wazungu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuwapa walioshikwa na heroini dawa ya methadoni Februari 2011, na Wakenya wakafuata miaka michache baadaye, hadi Malindi. Watu wale wanaitwa wagonjwa, kwa Kiswahili hiki hiki tunachosema sisi, na wengi hupanga foleni kunywa dawa mbele ya mhudumu wa afya. Sisemi Kisangani ijenge kliniki kama hiyo kesho. Ninasema majirani wamekwisha kuvuka lile neno "mtu ovyo" ambalo sisi bado tunalisema.

Wachungaji nao nina neno nao. Sikatazi maombi, wapo waliopata nguvu kanisani kuliko popote. Lakini muuguzi akishaombewa Jumapili na kutangazwa amefunguliwa, ufunguo wa kabati usirudi kwake Jumatatu. Ulevi huu hurudi baada ya miezi, baada ya mwaka, na asiyeutazamia hushangaa.

Na wewe unayesoma huku ukijijua. Mtaa mzima wanakuita docta, hata mwenye baiskeli ya toleka anakubeba bila kudai nauli kwa sababu ulimtibia mtoto, na unaona ukisema utapoteza heshima hiyo yote. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hicho chaweza kuwa cha mama wa mtu mwingine. Mtafute mkubwa mmoja unayemwamini, umpe ufunguo leo kabla hajakuuliza, umwambie unaumwa. Kama ni pombe ya kila siku au vidonge vya diazepamu vya muda mrefu, usiviache ghafla peke yako chumbani kwa ushujaa: mwili uliozoea waweza kukupiga degedege, nawe unajua degedege ni nini. Nenda hospitali kubwa, uonane na daktari, upunguziwe kwa mpango, na mtu wa nyumbani alale karibu nawe siku za kwanza.