Tufungue Kumbukumbu za Fedha, Watu wa Nyaramba

Kila bonasi ya majani chai inapotangazwa, Nyaramba yetu ya Nyamira huwaka. Sokoni, kwenye steji ya bodaboda, nje ya kanisa, watu huulizana kwa nini ni kidogo, nani kakata, pesa zimeenda wapi. Ni maswali ya haki, na mimi nayauliza pia. Linaloniuma ni kwamba tunayauliza mikono mitupu, ilhali sehemu kubwa ya majibu imewekwa wazi kwenye intaneti, bure, na simu iliyo mfukoni mwako inayafikia.

Tuanze na dola. Chai yetu hupigwa mnada Mombasa kwa dola, kisha dola hizo hugeuzwa kuwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha, ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Yaani chai ileile, kwa bei ileile ya mnada, ilipoteza shilingi 30 hivi katika kila dola kabla hata ya mtu yeyote kukata chochote. Benki Kuu ya Kenya huchapisha viwango hivyo kwenye tovuti yake, pamoja na ripoti zake za mwaka. Dola si sababu pekee: kuna gharama za kiwanda, mikopo, ubora wa majani, na lile donda la mkulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa kulipwa chini ya mwenzake wa mashariki. Lakini anayeijua hesabu ya dola atamwuliza mkurugenzi wa kiwanda chake kuhusu hesabu iliyobaki, na hatajibiwa juujuu.

Kuumizwa na thamani ya sarafu hakukuanza na sisi. Kabla Benki Kuu haijafungua milango tarehe 14 Septemba 1966, sarafu yetu ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919 na kuhamia Nairobi mwaka 1960. Mwaka 1920 wakubwa wa kikoloni waliamua rupia, sarafu ya wakati huo iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza, isimamishwe kwenye shilingi mbili. Walowezi waliouza mazao Ulaya wakajikuta gharama na madeni yao yamevimba. Bei za mazao zikaanguka, na mwaka 1921 wakakata mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja. Hasira ya makato hayo ndiyo iliyompa Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, wafuasi. Wakati huohuo rupia iliondolewa, ikaja florini, halafu shilingi, yote ndani ya miaka michache, na mlipa kodi ya kibanda hakuulizwa neno.

Mambo hayo yanasomeka mtandaoni. Gazeti Rasmi la Serikali limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa tangu matoleo ya 1899. Hifadhi ya kumbukumbu ya Benki ya Dunia ina nyaraka za mikopo ya chai, ukiwemo ule wa dola milioni 2.8 wa mwaka 1964 uliosaidia KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai, kueneza chai kwa wakulima wadogo. Nawaomba walimu wa historia na biashara wawape wanafunzi kazi humo. Vijana wa saiba, wasaidieni wazee kutafuta. Msiandike Nyamira tu, kwa sababu kwa miaka mingi tulihesabiwa chini ya Kisii, na kabla ya hapo South Nyanza na South Kavirondo.

Na kuna kumbukumbu ambayo hakuna benki iliyo nayo. Risiti za majani za miaka ya sabini, vitabu vya benki vya akina mama, daftari za vyama vya ushirika: ziko chini ya vitanda vyetu, zinaliwa na mchwa. Zipigeni picha mchana, kwenye mwanga mzuri, mkifunika namba za akaunti. Andikeni mwaka na kijiji, na wekeni nakala mahali pawili.

Kabla ya mkutano ujao wa kiwanda, tafuteni risiti ya bonasi ya mwaka wowote mnaoukumbuka vizuri. Andikeni pembeni mwake dola ilikuwa shilingi ngapi mwaka huo, kisha njooni nayo mkutanoni.