Faini peke yake haikuokoa misitu ya Bukini

Kila kiangazi moshi huonekana kwenye vilima vya Ngara na katika miombo ya Biharamulo. Wapo wanaochoma ili majani mapya yaote kwa ajili ya mifugo, wapo wanaofungua mashamba na wapo wachoma mkaa. Viongozi hutoa amri na kutangaza faini, na mwaka unaofuata moto huwaka tena.

Amri za namna hii hazikuanza leo. Mojawapo ya zile za zamani katika upande huu wa Afrika ilitolewa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na aliyeitoa ni Malkia Ranavalona wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1868 hadi alipofariki mwaka 1883.

Malkia huyo alikuwa mpenda mageuzi. Alibatizwa mwaka 1869 pamoja na waziri mkuu wake, Rainilaiarivony, ambaye pia alikuwa mumewe na ndiye hasa aliyeendesha serikali. Mwaka 1877 watumwa waliokuwa wameletwa kutoka pwani ya Msumbiji waliachiwa huru. Kisha, Machi 1881, ikatangazwa sheria kubwa yenye vifungu 305. Miongoni mwake vilikuwemo vilivyokataza kuchoma msitu, kuchoma mkaa ndani yake na kujenga makazi humo. Aliyekaidi alikabiliwa na minyororo.

Hata hivyo, misitu iliendelea kuungua. Mkulima wa Madagaska alikata miti mlimani, akachoma, akapanda mpunga kwa msimu mmoja au miwili, kisha akahamia kwingine. Majivu yalikuwa mbolea isiyonunuliwa. Sheria ilimnyang'anya mbolea hiyo bila kumpa nyingine.

Tena serikali ile ile iliwatoza wananchi kazi za lazima zisizo na malipo. Waliozikimbia walijificha msituni, na humo iliwapasa kulima ili wale. Kwa mkono mmoja serikali ilifunga msitu, kwa mkono mwingine ikawasukuma watu kuingia humo. (Na ilikuwa na sababu yake nyingine ya kutowataka watu msituni: huko hawakuonekana.) Mwaka 1896 Wafaransa walikifanya kisiwa kuwa koloni lao. Nao walikataza uchomaji huo, na nao hawakuumaliza.

Ngara inafahamu vizuri jinsi shida inavyoishinda sheria. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Miti iliyozunguka kambi ya Benaco ilikatwa kwa ajili ya kuni na vibanda, na hapakuwa na faini ambayo ingewazuia watu wale kupika. Wengi walirejea kwao Desemba 1996, lakini vilima vilibaki vitupu.

Leo anayemsukuma mkulima msituni ni bei. Maharage yakinunuliwa kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, ada ya shule itatoka kwenye gunia la mkaa. Mfanyabiashara mdogo anayeuza mkaa huo barabarani naye ana hesabu zake. Kuwaita wote waharibifu hakuongezi mti hata mmoja.

Tofauti kubwa na enzi za malkia ni kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kupata mapato ya mazao yake bila kulipa mrabaha kwa serikali kuu. Hapo mwenye msitu ana cha kupoteza ukiungua. Mizinga ya nyuki, nguzo na hata mkaa unaovunwa kwa mpango vinaweza kuingiza fedha kwenye akaunti ya kijiji. Ajabu ni kwamba katika mikutano mingi bado kinachojadiliwa zaidi ni kiwango cha faini.

Kabla sheria ndogo haijapelekwa halmashauri, mkutano mkuu wa kijiji ungefaa uamue kwanza mambo mawili: kuni za mwaka ujao zitakatwa wapi, na kila kaya itapata nini kutokana na msitu huo. Kiwango cha faini kinaweza kujadiliwa baada ya hapo.