Karani Asiye na Upande, Mtemi Mwenye Pande Zote

Waraka wa Serikali Na. 5 wa Agosti 1953 umepata mawakili hapa Ng'ambo, Tabora. Ndio ule uliowakataza watumishi wa serikali ya Tanganyika kujiunga na vyama vya siasa. Utetezi wao mmeusikia barazani kama nilivyousikia mimi, na kahawa yangu ikapoa. Waamuzi ni nyinyi.

Wanasema kwanza kwamba kila serikali hutaka mtumishi asiyeelemea upande, na Mwingereza alileta tu kanuni ya kwao. Nusu ya kwanza ni kweli; karani anayefungua barua za watu hafai kuwa mpiga debe. Nusu ya pili haisimami. Kule Uingereza, Kamati ya Masterman ilikuwa imeshapendekeza mwaka 1949 watumishi wa ngazi za chini waachwe huru katika siasa, na hata mkubwa wa wizara hakunyimwa kadi ya chama. Alizuiwa kupanda jukwaani. Huku kadi yenyewe ndiyo ikawa kosa. Kama hii ni kanuni ya kwao, basi imepotelea njiani.

Tuseme hata hivyo kwamba Twining, gavana wa wakati ule, aliipenda haki isiyo na upendeleo. Twende basi barazani kwa mtemi wa enzi hizo, hapa hapa Unyanyembe. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ilimpa mtemi uwezo wa kutoa amri, tuseme ya kulima muhogo wa akiba. Mkulima akikaidi, tarishi wa mtemi anamleta. Anayesikiliza kesi ni mtemi. Faini inaingia hazina ya wenyeji, na mshahara wa mtemi unatoka hazina hiyo hiyo. Wakili haruhusiwi kuingia. Rufaa? Tangu sheria ya 1929 haikwenda Mahakama Kuu, ilikwenda kwa Bwana Shauri, mzungu yule yule aliyekuwa akimsimamia mtemi katika amri zake. Serikali iliyoridhika na mpango huu ndiyo iliyoingiwa na hofu kwamba karani wa boma ataegemea upande!

Wakibanwa hapo hukimbilia mageuzi ya 1951. Sheria ya mwaka huo iligusa ngazi za rufaa, ni kweli, lakini ilimwacha ofisa wa utawala ndani ya mnyororo. Kutenganishwa kwake hasa na hukumu kulikuja mwaka 1963, bendera nyingine ikipepea.

Hoja ya tatu ni kwamba katazo halikubagua chama. Kwenye karatasi, sawa. Lakini mwaka 1956 kilipozaliwa chama cha UTP (United Tanganyika Party), gavana mwenyewe alikuwa mkunga wake. Ikaja sheria ya kura tatu, mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, ambayo TANU waliijadili kwa jasho hapa Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kushiriki. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mwafrika wa sifa hizo mngemtafuta wapi, kama si ofisini na darasani? Kwa hiyo karani huyo alionekana ana akili ya kuchagua wabunge watatu wa rangi tatu, ila hana akili ya kutunza kadi moja mfukoni.

Turufu yao ya mwisho ina uzito: serikali ya uhuru nayo iliwafunga watumishi kwenye chama chake. Mwaka 1964 iliwafungulia mlango wa TANU, na mwaka uliofuata katiba ikabakiza chama kimoja. Nakubali, na sitaipamba. Kadi iliyokuwa kosa ikageuka ngazi ya kupandia cheo. Lakini angalieni mnachokiri, wazee wangu mnaoutetea Waraka. Mkilaumu 1964 kwa sababu serikali ilimchagulia mtumishi siasa, mmeshamhukumu Twining kwa kosa hilo hilo. Na mkimsamehe Twining, hamna tena la kumdai Nyerere. Chagueni moja, kahawa ya leo nalipa mimi.