"Urefu" au "Umbali"? Kuhusu Istilahi Moja ya Elimumwanga

Mjadala kuhusu istilahi za elimumwanga hukwama mapema kwenye neno "fokasi": je, likopwe lilivyo, au litafutiwe neno la Kibantu? Mjadala huo una haki yake, lakini unafunika kosa kubwa zaidi lililomo katika neno la kawaida linalotangulia. Dhana ambayo mara nyingi huitwa "urefu wa fokasi" si urefu wa kitu chochote. Fokasi ni nukta, na nukta haina urefu.

Miale ya jua, ambayo hutufikia ikiwa karibu sambamba, hupita katika lenzi mbinuko na kukutana mahali pamoja. Mtoto anayeunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia anapajua mahali hapo kuliko mwanafunzi aliyekariri fasili. Johannes Kepler, mwaka 1604, alipaita kwa neno la Kilatini lenye maana ya meko. (Lenzi nayo ni dengu kwa Kilatini; Waarabu huiita kwa neno lilelile ambalo kwa Waswahili, "adesi", limebaki jikoni.) Kinachopimwa ni umbali kati ya lenzi na meko hayo.

Madhara ya "urefu" huonekana kwenye kamera. Mwanafunzi akiambiwa kwamba lenzi ina urefu wa milimita 300, atachukua rula apime mwili wake, naye atakuta pungufu, kwani lenzi za kupigia picha vitu vya mbali huundwa makusudi ziwe fupi kuliko kipimo hicho. Lenzi ya milimita 28 huweza kuwa ndefu kuliko jina lake. Umbali huo huhesabiwa kutoka nukta ambayo pengine haimo hata ndani ya kioo.

Watetezi wa "urefu" watataja urefu wa wimbi. Mfano huo hausaidii: wimbi lina urefu wake lenyewe.

Tatizo huzidi katika lenzi mbonyeo, ambayo hutawanya miale na kuifanya ionekane kutoka nukta iliyo upande wa pili. Miwani ya dayopta 2 hasi ina kipimo cha sentimita 50 hasi. "Urefu hasi" ni fumbo; umbali, walau, huweza kuambiwa ni wa upande huu au ule.