Acheni Kutuletea Taa, Tuacheni Tuuze Umeme

Nawaandikia ndugu zangu wa Dzaleka, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma mkiwa Lilongwe. Leo nasema jambo litakalowaudhi watu wema: acheni kugawa taa za sola.

Najua mtaniambia, sasa mama mwenye watoto watano gizani afanye nini? Ngojeni kwanza niwaambie habari za hiyo taa. Ni paneli ndogo kama daftari, na betri ya lithiamu iliyofungwa ndani ya plastiki iliyogundishwa. Mwaka mmoja au miwili, betri imechoka. Kuifungua mpaka uivunje, na spea haziuzwi popote. Inabaki mchezo wa watoto. Lakini ripoti ilishaandikwa zamani: kaya kadhaa zimepata nishati safi, na picha ya mama anacheka. Mradi mwingine unakuja, katoni nyingine, mama ni yule yule.

Wakati huo sisi tulishajiwashia wenyewe. Inua macho utazame mabati ya kambi hii. Paneli ya saluni, ya chumba cha kuangalia mpira, ya kijana anayechaji simu za watu. Hizo nyingi hazikuletwa na mradi. Mtu alikusanya kwacha kidogo kidogo, akanunua, na akafungiwa na fundi jirani yake, Mkongo au Mrundi, aliyejifunzia ufundi Bukavu, Bujumbura au hapahapa. Fundi huyo hayumo kwenye ripoti yoyote. Kwenye karatasi yeye ni "mnufaika", yaani anahesabiwa siku ile tu anayopanga foleni kupokea taa ambayo angeweza kuitengeneza akiwa amefumba macho.

Kambi ilifunguliwa 1994 kwenye gereza la zamani, ikapangiwa watu elfu kumi na kitu. Leo tumepita 50,000. Huo ni mji, jamani. Na mji hauendeshwi kwa tochi.

Sasa ugumu wa fundi wetu ni nini? Si jua, jua tunalo la kumwaga. Si ujuzi pia. Ugumu ni kwamba betri nzuri, kontrola ya kweli na nyaya nene ziko Lilongwe, kilomita kama 45, na yeye hana uhuru wa kwenda na kufanya kazi huko. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo kwenye kifungu cha 17 cha kazi ya mshahara na cha 26 cha kutembea. Mei 2023 tuliona maana yake: polisi na wanajeshi wakikusanya wakimbizi mjini, maduka yakifungwa, watu wakirudishwa kambini. Baada ya hapo anakuja mgeni na semina ya sola ya siku tano, chai na mandazi, cheti chenye rangi nzuri. Cheti cha kufanyia kazi wapi?

Msiniambie haiwezekani. Kakuma, kule Kenya, mkimbizi kutoka Kongo, Vasco Hamisi, alianzisha kampuni ya Okapi Green, na inaendesha mtambo mdogo wa sola wa kilowati 20 unaouzia umeme nyumba na maduka. Kenya si peponi, hata huko kutoka kambini ni shida kubwa. Lakini hapo mkimbizi ndiye anayeuza. Linganisha na Zaatari, Jordan. Mwaka 2017 walijengewa mtambo mkubwa wa megawati 12.9 kwa fedha za Ujerumani, na UNHCR yenyewe ilikadiria kuokoa dola milioni tano hivi kwa mwaka. Kazi nzuri, siibezi hata kidogo. Ila aliyepunguziwa bili pale ni shirika. Mimi nataka kuona mkimbizi anayetoa risiti.

Kuna wanaosema tusubiri ESCOM. Januari 2022 kimbunga Ana kilivunja bwawa la Kapichira, na karibu megawati 130 zikapotea siku moja, wakati nchi nzima inategemea mto Shire. Wamalawi wenyewe, walio wengi, hawana waya wa ESCOM nyumbani. Kwa hiyo nani atatukumbuka sisi kwenye foleni hiyo?

Na hapa lazima niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda. Betri za asidi zinatuua polepole. Mtu ananunua betri ya gari kwa sababu ni rahisi, anainyonya mpaka mwisho kila usiku akiangalia filamu, na ndani ya mwaka imekufa. Betri ya namna hiyo haipendi kushuka chini ya nusu. Halafu inakwenda kwa mtu wa sokoni, anaipasua kwa panga, anamwaga asidi chini, anayeyusha risasi kwenye sufuria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walipima kazi hiyo hapa Malawi wakakuta betri moja inaacha zaidi ya kilo tatu za risasi kwenye mazingira. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na haitoki. Kama shirika linatafuta pa kuweka hela zake, paweke hapo: kituo cha kurudishia betri mbovu, na mkopo wa kununua betri za lithiamu zinazofunguka na kutengenezeka. Hilo halipendezi kwenye picha kama taa, najua.

Tuje kwa vijana wa kabaza. Mwaka 2024 mmeona foleni za petroli, pikipiki zimelala siku mbili, na lita ikipatikana uchochoroni bei haishikiki. Kigali tangu 2019 kuna pikipiki za umeme za Ampersand: betri ikiisha unaacha yako kituoni, unachukua iliyojaa, unaondoka. Betri ya pikipiki hubeba kama kilowati-saa mbili au tatu. Piga hesabu nami. Paneli nne za wati 300, saa tano za jua kali la Dowa, toa robo inayopotea njiani, unabaki na kama kilowati-saa nne na nusu. Betri moja imejaa na kitu kinabaki cha kuchaji simu za mtaa. Pikipiki zenyewe ni ghali, hilo sibishi. Lakini kikundi cha waendeshaji kumi wakikopeshwa kama wafanyabiashara wanaweza kurudisha mkopo kwa hela ambayo leo inaungua kwenye petroli.

"Lakini fundi asiye na leseni ni hatari, nyumba zitaungua." Ni kweli, hapo mna haki, nyumba zetu zimebanana. Basi hela ya taa ilipie ada ya mtihani wa TEVETA, na mtusemee MERA wampe fundi mkimbizi leseni kama fundi yeyote. Akishindwa mtihani, ameshindwa. "Wenyeji watalalamika." Watalalamikia nini wakiuziwa umeme kwenye waya uleule? Kalobeyei ilipangwa tangu 2016 iwe ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Mwanamke wa kijiji cha jirani anachaji simu yake kambini, na hajawahi kumuuliza fundi kitambulisho.

Ninyi wa mashirika mnakaa mezani na wakubwa wa serikali, sisi hatukai. Mkiwa pale zungumzieni ruhusa ya kutembea na leseni ya biashara kabla ya kuzungumzia idadi ya taa. Nanyi vijana wenzangu, katoni zikishushwa tena kwenye lori, msipige makofi kwanza. Ulizeni kwa adabu, mbele ya watu wote: katoni hii moja imegharimu kiasi gani, na nani ataitengeneza mwakani?