Kikao cha wazazi kiitwe wakati wa mbalamwezi

Mama mmoja wa Kagunga, kule juu ya ziwa karibu na mpaka wa Burundi, aliniandikia wiki iliyopita. Mwanawe wa darasa la tano alirudishwa nyumbani siku ya tatu baada ya shule kufunguliwa, akaambiwa asije bila hela ya chakula. "Wanasema tulikubaliana kwenye kikao," anaandika. "Sisi hatukuwepo. Baba yake alikuwa ziwani, mimi nilikuwa naanika dagaa. Sasa mtoto hataki shule, anasema wenzake walimwona akifukuzwa."

Shule sitaitaja, maana upande wa mwalimu mkuu sijausikia. Lakini mtoto hawezi kusubiri mimi nisikilize pande zote, kwa hiyo nianze na yeye.

Mama, mtoto arudi darasani kesho, na umpeleke mwenyewe. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli, sasa marehemu, alikataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Hiyo haina maana kwamba mzazi hana wajibu. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana vimebaki juu yetu, na mtoto anayeshinda njaa hadi saa tisa hasomi kitu. Kama uji mnaudaiwa, mnaudaiwa. Ila deni hilo ni la watu wazima, nalo lizungumzwe na watu wazima, mtoto akiwa kwenye dawati lake. Mwambie mwalimu hivyo kwa upole, na utaje siku utakayolipa, hata kama ni kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye kikao chenyewe. Kiliitwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Kwa msomaji wa Dodoma hiyo ni saa ya kawaida. Kwa mtu wa mwaloni, saa tatu ndiyo saa mbaya kuliko zote. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inarudi alfajiri, wanaume wamechoka na wamelowa, wanawake wanagombania mzigo na kuuanika kabla jua halijapanda. Na mwezi wa kwanza ni wa mvua. Ukiacha dagaa mchangani ukaenda kikaoni, wingu likashuka, umepoteza mtaji. Mwalimu akiona viti vitupu anasema wazazi wa huku hawajali elimu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, Kigoma mjini na Ujiji pia, na kila mara linaniudhi.

Kuna jambo ambalo mwalimu mgeni, aliyepangiwa kazi akitokea Mbeya au Singida, hawezi kulijua asipoambiwa. Mvuvi wa taa hafuati Jumatatu na Ijumaa. Anafuata mwezi. Kukiwa na giza yuko majini kila usiku hali ya hewa ikiruhusu. Mbalamwezi ikikomaa taa haivuti samaki vizuri, basi anakaa nyumbani, anashona nyavu, anakunywa chai na watoto wake. Na siku hizo hazikai mahali pamoja kwenye kalenda. Zinarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kama Ramadhani inavyorudi, jambo ambalo watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa. Mwaka jana, 2025, shule zilifunguliwa Januari 13 na mwezi ulikuwa mpevu usiku uleule. Mwalimu aliyeita kikao wiki ile aliwakuta akina baba nyumbani bila kujua kwa nini. Mwaka huu mwezi ulikuwa mpevu Januari 3, watoto wakiwa bado likizo, na giza limeangukia Januari 18. Mwalimu yuleyule, wiki ileile ya mwaka, atapata viti vitupu, na atadhani wazazi wamebadilika tabia.

Nisiwape wanaume udhuru wote, hata hivyo. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu mizima wavuvi walikuwa nchi kavu. Baba msomaji, jiulize mwenyewe uliingia shuleni mara ngapi katika siku zile.

Baada ya siku ya kikao kuna suala la jinsi taarifa inavyofika. Barua aliyopewa mtoto hulowa, hupotea, au husomwa na mtoto mwenyewe kwa sababu mama hasomi. Mtoto anayesomea wazazi barua inayomshitaki yeye ana kishawishi kikubwa, na wengi nawajua walioruka mistari. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa wenye simu kubwa na bando. Mwenye kitochi hayumo, na mara nyingi huyo ndiye mtoto wake ana shida. Mimi ningemwomba mwalimu mkuu atumie njia ambazo kijiji kinazo tayari: viongozi wa BMU pale mwaloni, balozi, tangazo baada ya sala ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili. Sentensi mbili tu: siku gani, na tutazungumza nini. Hilo la pili ni muhimu. Mzazi akisikia "kikao" peke yake anajua ni michango, na anatafuta shughuli nyingine.

Na yako mambo ya kuzungumza zaidi ya michango. Mama huyu, kwa mfano, ana mtoto darasa la tano na mwingine la sita. Hakuna aliyemwambia maana yake. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na waliokuwa la tatu mwaka ule watamalizia msingi darasa la sita. Kwa hiyo 2027 wanawe wote wawili watamaliza pamoja, mmoja akiwa la sita na mwingine la saba, na wakifaulu wataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Sare mbili, madaftari mara mbili, pengine nauli ya boti mara mbili kila wanapofunga na kufungua. Familia inayoishi kwa dagaa inahitaji kujua hilo leo, ianze kuweka akiba misimu mizuri, si kushtukizwa wakati huo.

Jambo jingine la kuuliza bila kuona haya ni fedha za serikali. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800 kwa hesabu hiyo hupata 4,800,000, sawa na 400,000 kwa mwezi, nayo igharimie chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Mzazi akiiona hesabu hiyo ubaoni huacha kumtuhumu mwalimu mkuu kwamba anakula hela, na mara nyingi ndipo mwenyewe anasema tuchangie nini.

Mama, mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia Februari 2, ambayo ni Jumatatu. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, naye ni mzazi kama wewe na mlimchagua. Mwombe kikao cha pili wiki hiyo, saa kumi jioni, dagaa wakiwa wameanuliwa. Mkiwa na baba watoto, kaeni viti vya mbele.