Kanuni nazo zikaguliwe kabla hazijatukagua sisi

Nilikuwa kimya, mitihani ilinibana. Leo nina hoja moja inayowagusa wazee wetu kule Rungwe kuliko inavyotugusa sisi tunaosubiri watutumie hela ya matumizi.

Kwetu Tukuyu watu wanaishi kwa chai, ndizi, viazi, maparachichi na maziwa. Kila kinachotoka shambani kwenda sokoni kinakutana na kanuni njiani: ushuru, leseni, kibali, ukaguzi. Sisemi zote ni mbaya. Maziwa yasiyopimwa yanaua, na halmashauri bila ushuru haijengi zahanati. Ila nani anaikagua kanuni yenyewe?

Serikali ilishakubali kwamba zilizidi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na ikakatazwa kutoza mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwaka 2018 ukaja mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, huu tunaouita MKUMBI, utekelezaji ukaanza Julai 2019. Mwaka huohuo usimamizi wa usalama wa chakula ukatolewa TFDA ukapelekwa TBS, mtengeneza mtindi akapunguziwa mlango mmoja wa kubisha hodi. Hapo hongera zao.

Lakini jamani, huko ni kufyeka magugu huku mbegu zinaendelea kumwagwa. Kanuni ya waziri inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, inaanza kazi, halafu ndiyo inawekwa mezani Bungeni na Kamati ya Sheria Ndogo inaichambua. Kamati ikikuta kasoro, mkulima keshalipa. Nani atamrudishia?

Wenzetu Marekani wana ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, chini ya ofisi ya Rais. Tangu 1981 kanuni nzito zinapita hapo kwanza, wanauliza hasara na faida yake. Nao hawajamaliza ugomvi, maana makampuni makubwa yana mawakili wa kwenda kubisha hodi. Mama wa Kiwira atampeleka nani Dodoma? Kwa hiyo tukiiga, mlango tuuweke kwenye kata.

Kwa halmashauri, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka wananchi wapewe taarifa na watoe maoni kabla sheria ndogo haijaenda kwa waziri. Sawa, ila karatasi iliyobandikwa ubaoni kwa lugha ya wanasheria ni taarifa gani? Fikiria wilaya yetu moja ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Anayeleta mikungu 20 ya ndizi kutoka Lwangwa hadi Tukuyu anavuka mpaka huo. Asipojua habari ya ile tani moja, sheria kwake ni chochote atakachoambiwa na mtu aliyesimama kwenye kizuizi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tozo mpya ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: inatatua nini, nani analipa, shilingi ngapi, na isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Pili, kamati ya Bunge ione kanuni zinazogusa mfuko wa mwananchi kabla hazijaanza kutumika. Tatu, kila tozo iwe na tarehe ya kufa. Anayeitaka iendelee aje aeleze upya.

Mtasema hii itachelewesha serikali. Ya dharura, kama ugonjwa wa mifugo, ipite haraka na ipitiwe baadaye. Lakini ushuru wa ndizi si dharura. Afadhali ofisi ichelewe mwezi mmoja kuliko mkulima alipe miaka kumi kitu ambacho hakuna aliyekaa akakihesabu.

Naomba kutoa hoja. Wasiokubaliana nami waje tubishane, ila waje na hesabu.